Nani Alilipia Kiswahili?

Jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lile lenye nguzo zinazofunguka juu kama miavuli ya zege, lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Lilifunguliwa mwaka 1975, na watu walilizungumza kwa uchungu lilipoungua Julai 2021. Wengi wetu tunalijua jengo, jina la aliyelichora hatulijui. Wachache zaidi wanajua kwamba Amuli alisomea usanifu Haifa, Israeli, katika chuo kinachoitwa Technion.

Nakitaja chuo hicho kwa sababu kabla hakijafundisha mwanafunzi hata mmoja kilikuwa kimeshapiganiwa, na kilichopiganiwa ni lugha. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1912, Palestina ikiwa bado chini ya Waturuki, na waliokuwa na sauti kubwa katika mradi ule ni shirika la Wayahudi wa Ujerumani. Mwaka 1913 bodi ikaamua kwamba masomo ya sayansi na ufundi yafundishwe kwa Kijerumani. Hoja zao ungeweza kuzisikia leo kwenye kikao chochote cha elimu hapa mjini: Kiebrania hakina istilahi, hakina vitabu vya kiada, sayansi ya dunia inaandikwa kwa Kijerumani, mnataka kuwafungia watoto ndani? Walimu na wanafunzi wakagoma. Walimu kadhaa wakaacha kazi katika shule za shirika lile na kwenda kufungua za kwao. Bodi ikarudi nyuma. Baadaye vita kuu ya kwanza ikaingia, mambo yakasimama, na chuo kilipoanza kufundisha mwaka 1924 kilifundisha kwa Kiebrania, lugha ambayo miaka hamsini kabla ya hapo haikuwa lugha ya mama ya mtoto yeyote duniani.

Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilikionea wivu, na nadhani kijana yeyote wa Kitanzania aliyewahi kukariri maana ya «osmosis» bila kuielewa angeona wivu kama mimi. Lakini kadiri nilivyoendelea kusoma, wivu ulichanganyika na swali ambalo sijaweza kuliweka chini. Lugha moja inapokuwa lugha ya watu wote, kuna watu wanaoilipia. Wanailipia kwa kunyamaza. Je, wanadaiwa au wanadai? Na kama wanadai, wanamdai nani?

Nianze na Waebrania, kwa sababu kwao bili ilikuwa wazi. Eliezer Ben-Yehuda alifika Jaffa mwaka 1881 akiwa ameamua kwamba nyumbani kwake hakitasemwa kingine ila Kiebrania. Mwanawe alizaliwa mwaka uliofuata, akalelewa bila kuruhusiwa kusikia lugha nyingine. Mwana huyo alipokuwa mtu mzima alisimulia jinsi baba yake alivyomkuta mama yake akimwimbia wimbo wa Kirusi na kuwaka kwa hasira. Nimewahi kumsikia mhadhiri akikitumia kisa hiki kama mfano wa uzalendo wa lugha. Mimi nikikisikia namwona yule mama. Mtu anayembembeleza mtoto hachagui lugha. Inamtoka iliyo karibu na kifua.

Mwaka 1923, Tel Aviv, vijana waliunda kikosi cha kuitetea lugha. Kauli mbiu yao ilimtaka kila Myahudi aseme Kiebrania. Adui wao mkubwa alikuwa Kiyidishi, lugha waliyozaliwa nayo wengi wa vijana wale wale. Baada ya taifa kuundwa mwaka 1948, michezo ya kuigiza ya Kiyidishi iliwekewa vizuizi kwa muda. Hebu fikiria: watu wametoka kunusurika mauaji ya Ulaya, mamilioni ya waliokuwa wakisema lugha yao wameuawa, na wanapofika mahali pa usalama wanaambiwa lugha hiyo ni ya aibu, ni ya unyonge, iacheni bandarini. Waliotoka Iraki, Yemeni na Moroko walikuja na Kiarabu chao. Hicho kilikuwa na kosa la ziada, kwa kuwa kilikuwa pia lugha ya adui. Samir Naqqash, mwandishi aliyezaliwa Baghdad mwaka 1938 na kupelekwa Israeli akiwa mtoto, alikataa kuhama lugha. Aliandika hadithi zake kwa Kiarabu mpaka alipofariki mwaka 2004, katika nchi ambayo wasomaji wa Kiarabu chake walikuwa wanazeeka na watoto wao hawawezi kukisoma. Mwenzake kutoka Baghdad hiyo hiyo, Sami Michael, alihamia Kiebrania akawa mwandishi anayesomwa nchi nzima. Sina uhakika ni yupi alilipa zaidi.

Halafu kuna ambao hawakuhamia popote. Wapalestina waliobaki ndani ya mipaka ya Israeli, ambao ni kama mmoja kati ya raia watano, walikuwa wakisema Kiarabu pale pale kabla Ben-Yehuda hajashuka melini. Waingereza walikiweka Kiarabu kuwa lugha rasmi mwaka 1922, pamoja na Kiingereza na Kiebrania, na hali hiyo, angalau kwenye karatasi, ilidumu mpaka Julai 2018. Ndipo bunge likapitisha sheria inayosema lugha ya dola ni Kiebrania, Kiarabu kikabakishiwa kitu kinachoitwa hadhi maalumu. Ongeza hapo karibu watu milioni moja waliokuja na Kirusi kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, na Waethiopia waliokuja na Kiamhari na Kitigrinya, unapata jamii ambayo kwa nje inaonekana ya lugha moja na kwa ndani ina vyumba vingi vilivyofungwa milango. Cha kuchekesha ni kwamba vijana wa Kiebrania wanapotaka kusema twende, poa, au kutukana vizuri, wanatumia Kiarabu. Lugha iliyotolewa mlangoni imerudi kupitia dirisha la mtaani.

Sisi hapa tunaijua dirisha hiyo. Duka la rejareja mtaani kwetu ni kwa Mangi, hata kama mwenye duka ni Mkinga wa Makete. Mangi ni cheo cha mtawala wa Kichagga, na Dar es Salaam kikawa jina la muuza sukari ya robo. Kijana anayetembeza soksi Mtaa wa Kongo anaitwa mmachinga, na ukimuuliza Wamachinga ni watu gani atakwambia ni sisi tunaohangaika juani. Kwamba ni kabila la Lindi lenye lugha yake, hiyo ni habari mpya kwake. Pandisha macho usome vibao: Mtaa wa Nyamwezi, Mtaa wa Swahili. Majina ya watu yamebandikwa kwenye kona za barabara. Hata Kariakoo yenyewe ni Kiingereza cha jeshi kilichomezwa: Waingereza waliwaweka hapa wapagazi wa vita ya kwanza, kikosi chao kikiitwa Carrier Corps, na midomo ya watu ikafanya kazi yake.

Ukipita leo kati ya Msimbazi na Lumumba utasikia Kiswahili cha kila aina. Utamsikia Mkongo kutoka Lubumbashi akinunua vitenge kwa Kiswahili ambacho muuzaji anakicheka kidogo na kukielewa chote. Utamkuta mama wa Kichina aliyejifunza tarakimu zote mpaka milioni na neno «hapungui», na hayo yanamtosha kuendesha ghala. Ukivuka kuelekea Kisutu, wazee wa Kihindi wanaongea Kigujarati na Kikachi vibarazani. Na ukikaa dukani muda mrefu utasikia lugha nyingine pia, kwa sauti ya chini, pale ndugu wawili wanapotaka kukubaliana bei ya mwisho mteja asijue. Dakika hiyo Kikinga, Kipare au Kihaya kinatoka, kinafanya kazi yake, kinarudi ndani. Nchi hii ina lugha zaidi ya 120, na nyingi kati ya hizo zimeingia Kariakoo. Lakini zinaishi kama pesa iliyoshonewa ndani ya nguo. Ipo, na haionyeshwi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmatumbi kutoka milima ya Kilwa. Alikuja mjini katika miaka ya 1970, akauza maandazi na baadaye samaki wa kukaanga, akalea watoto watano katika vyumba viwili Gerezani. Watoto wote aliwasemesha Kiswahili. Mama anasema hakuwahi kukatazwa Kimatumbi, hakikuwepo tu, kama vile hapakuwa na friji. Bibi alikisema na wageni kutoka kwao, usiku, watoto wakiwa wamelala. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini hakuwafundisha. Akanijibu kama mtu anayejibu swali rahisi sana: «Ningewafundisha ili wachekwe?» Watu wa kusini mjini walikuwa wanachekwa kwa lafudhi yao, na yeye aliamua kwamba wanawe hawatachekwa. Alikuwa na kadi ya TANU, baadaye ya CCM, na zote mbili alizitunza ndani ya Kurani. Alipenda sana kusema kwamba yeye na jirani yake Mhaya wasingeelewana hata salamu kama si Mwalimu.

Mwaka juzi akapata kiharusi, na Kiswahili kikaondoka. Madaktari wanasema hutokea: mtu wa lugha mbili ubongo ukijeruhiwa, lugha moja inaweza kurudi na nyingine isirudi, au ikarudi kwa kuchelewa. Kwake kilichobaki ni Kimatumbi. Aliongea sana, kuliko alivyokuwa akiongea akiwa mzima. Watoto wake watano, wajukuu kumi na tatu, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa anaelewa. Mama alikaa pembeni ya kitanda akiitikia «ndiyo, mama», «sawa, mama» kwa sentensi asizozijua. Muuguzi alituuliza kama ana maumivu na wapi, tukaangaliana. Aliyetusaidia ni mama mmoja wa kitanda cha tatu, Mndengereko wa Rufiji, ambaye lugha yake iko jirani na ya bibi na aliweza kuokota neno hapa na pale. Alikuwa mgonjwa mwenyewe. Alituambia bibi anaomba ageuzwe ubavu. Baada ya wiki mbili yule mama akaruhusiwa kwenda nyumbani. Bibi aliishi wiki saba zaidi.

Sitaki kuigeuza habari hii kuwa hoja haraka haraka. Hospitali haikukosea kitu. Bibi hakukosea. Aliwapa wanawe kitu alichoamini ni bora, na kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi: mama yangu ni karani, mjomba alifika uhasibu, hakuna aliyechekwa. Lakini mtu amekufa katikati ya watoto wake akiwa peke yake ndani ya lugha, na hilo lilikuwa tokeo la mpango mzuri uliofanya kazi kama ulivyokusudiwa. Hapo ndipo swali la nani alilipa lilipoacha kuwa la darasani kwangu.

Mwanafalsafa wa Ubelgiji, Philippe Van Parijs, ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2011, juu ya haki katika mambo ya lugha. Ubelgiji ni nchi inayojua ugomvi wa lugha, kwa hiyo nilimsoma kwa imani. Moja ya hoja zake ni hii: lugha ya pamoja ni mali ya wote, inamfaa kila mtu, lakini gharama ya kuijenga haigawanywi sawa. Anayezaliwa nayo anaipata bure, na anayelazimika kujifunza anatoa miaka yake. Basi haki inataka waliopata bure wachangie. Anawaza zaidi juu ya Kiingereza na Ulaya, lakini chukua kipimo chake ukilete hapa.

Kwa kipimo hicho, Kiswahili kinatoka vizuri kuliko lugha nyingi za mataifa. Hakikuwa lugha ya kabila kubwa lililotaka kuwatawala wengine. Msukuma alijifunza, Mhehe alijifunza, Mchagga alijifunza, na Rais mwenyewe, Mzanaki, alijifunza. Gharama iligawanywa karibu kwa wote. Hata watu wa pwani na visiwani, ambao ungedhani walipata bure, walitozwa: mwaka 1930 ilianza kazi rasmi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja cha mjini, na tangu hapo Mmakunduchi na Mtumbatu wakaambiwa wanachosema ni lahaja. Ndiyo maana hapa hakukuwa na kikosi cha vijana wa kupiga kelele kwenye mikutano ya watu. Januari 1967 Kiswahili kikatangazwa lugha ya shughuli za serikali, mwaka huo huo BAKITA ikaundwa, na watu wakaendelea na maisha. Upole huu tunajisifia, na ni haki yetu.

Ila upole unaficha jambo moja. Kujifunza Kiswahili ni kuongeza, na kuacha Kimatumbi ni kubadilishana. Hivyo ni vitendo viwili, na taifa lilihitaji kimoja tu. Bibi aliongeza. Wanawe wakabadilishiwa, bila wao kuulizwa na bila mtu yeyote kutoa amri. Amri haikuhitajika, kicheko kilitosha. Ukiambiwa mama alichagua kwa hiari yake, uliza pia hiari hiyo ilikuwa na milango mingapi. Kizazi kilichojengea lugha ya taifa kilidhani hakiwezi kubeba vitu viwili, na hakuna shule, redio wala gazeti lililowaambia kwamba wanaweza.

Rafiki zangu nikiwaambia haya wananiuliza mara moja kama nataka ukabila. Swali ni halali. Kenya wana redio za lugha za makabila, na baada ya uchaguzi wa mwisho wa 2007 mtangazaji mmoja wa stesheni ya Kikalenjin alifikishwa mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi yake ilisitishwa mwaka 2016 bila yeye kupatikana na hatia, lakini hofu ilibaki, na watunga sera wetu huitaja kila wanapoulizwa kwa nini kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Mimi nawajibu kwa Rwanda. Wanyarwanda karibu wote, Wahutu na Watutsi, wanasema Kinyarwanda. Mwaka 1994 redio iliyokuwa ikihimiza mauaji ilieleweka na kila mtu, muuaji na anayewindwa, neno kwa neno. Lugha moja haikumzuia mtu kushika panga. Kama Tanzania imepona, imepona kwa mambo mengi: wanafunzi wa bweni waliochanganywa kutoka mikoa yote, watumishi waliohamishwa huku na huku, chama kimoja kilichoziba midomo ya wengi (tusikisahau hicho), utani wa makabila, na Kiswahili pia. Kukipa Kiswahili peke yake sifa yote ya amani ni kukibebesha mzigo unaotufanya tuogope hata wimbo wa kunguni wa Kindengereko hewani.

Lakini sehemu inayoniuma zaidi haiko huko. Bibi alilipia kitu. Alipoacha kuwasemesha watoto Kimatumbi alikuwa ananunua, na ahadi ya muuzaji ilikuwa kwamba Kiswahili kitawafikisha. Kitawafikisha wapi? Sokoni kiliwafikisha. Bungeni pia, na kwenye ofisi ya kata. Na tangu mwaka 2021, baada ya karibu miaka sitini ya uhuru, sheria inasema kimewafikisha mahakamani. Lakini mjukuu wake akifika kidato cha kwanza anakuta mlango umefungwa na maandishi ya Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiingie sekondari hatua kwa hatua. Serikali ikakataa, na Mwalimu mwenyewe, mtu aliyemtafsiri Shakespeare kwa mikono yake, akakiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Sera ya elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikasema Kiswahili kitafundishia ngazi zote. Tulishangilia. Toleo la 2023 la sera hiyo hiyo likakirudisha Kiingereza kwenye kiti chake cha sekondari.

Kumbuka ile bodi ya Haifa ya 1913. Hoja ni zile zile, istilahi, vitabu, dunia. Tofauti ni kwamba kwetu bodi ilishinda.

Hapa lazima nimpe Mwebrania haki yake, pamoja na yote niliyosema juu yake, na pamoja na kwamba lugha yake imekalia ya mtu mwingine na mimi siitaki njia hiyo. Kwa wale Wayahudi ilionyang'anya lugha zao, dola ile ilitimiza upande wake wa biashara. Bibi wa Kiyemeni alilazimishwa kuacha Kiarabu chake, na mjukuu wake akasoma udaktari kwa lugha aliyobadilishiwa. Ilikuwa biashara katili, na bidhaa ilifika. Kwetu biashara ilikuwa ya upole, na bidhaa imekwama njiani, mahali fulani kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza.

Matokeo yake yanaonekana asubuhi kabla jua halijachomoza, pale mabasi ya njano yanapozunguka Kariakoo na Upanga kukusanya watoto wa shule za Kiingereza. Nilisoma sekondari ambako aliyekamatwa akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Wazee wanasimulia kwamba zamani, kwingine, kibao hicho kilikuwa cha wanaosema kilugha. Kibao ni kile kile, jina tu limefutwa likaandikwa jingine. Binamu yangu ana mtoto wa miaka sita anayesemeshwa Kiingereza nyumbani, Kiingereza cha binamu yangu, ambacho yeye mwenyewe alikipata ukubwani. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba hataki mwanawe aje achekwe chuoni. Hakuwahi kusikia jibu alilonipa bibi. Alilifikia mwenyewe.

Kwa kipimo cha Van Parijs, hapa ndipo haki inapovunjika. Kiswahili kililipiwa na wote. Kiingereza kinalipiwa ada, na ada ina wenye nacho. Mtoto wa muuza maji wa Mtaa wa Swahili na mtoto wa mwenye ghorofa mtaa huo huo wataandika mtihani mmoja wa kidato cha nne. Mmoja ataandika alichojifunza. Mwingine atakuwa anatafuta neno.

Kwa hiyo deni, kama ninavyoliona, lina wadai wawili. Wale waliobadilishiwa lugha wanadai bidhaa waliyolipia: Kiswahili kinachofika maabara na chuo kikuu, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo, na walimu wanaokijua. Na lugha zilizoachwa zinadai ruhusa ya kuwepo bila kujificha: saa moja ya redio, mkalimani wodini, darasa la jioni kwa mjukuu anayetaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa atlasi ya lugha za Tanzania mwaka 2009, kazi ya miaka, na ukiifungua unaona ramani ya watu ambao kwenye sensa zetu hawaulizwi tena wanasema nini nyumbani. Wanaosema pesa hakuna waniambie mkalimani wa wodini anagharimu nini ukilinganisha na semina moja ya hotelini.

Shangazi, dada mdogo wa marehemu babu, alikuwa amemrekodi bibi kwa simu, siku tofauti, jumla dakika 11 na sekunde kadhaa. Mwezi uliopita nilizipeleka kwa kijana anayeuza mabegi ya shule karibu na kituo cha Msimbazi. Ni mzaliwa wa Kipatimu, ana miaka kama yangu. Aliweka simu sikioni, akaziba sikio la pili kwa sababu ya spika za jirani, akasikiliza yote bila kusema kitu. Wateja wawili waliondoka.

«Hapa mwanzo anamuuliza mtu kama mvua imeshanyesha huko,» akasema. «Halafu anataja mtu, anamwambia asiache mlango wazi. Hapa kati anahesabu, sijui anahesabu nini. Hizi za mwisho mimi siziwezi, dada, ni Kimatumbi cha wazee. Labda mama yangu.»

Akanipa namba ya mama yake. Hana simu janja, kwa hiyo nitazipeleka mwenyewe, basi la Kilwa likiwa na nafasi wiki ijayo.